Kumpata mlezi wa kitaaluma ukiwa mtafiti mchanga wa tiba

Msimamizi wa tasnifu kazi yake ni tasnifu iishe. Mlezi anaangalia utakuwa wapi ikishaisha. Ukiwa hospitali ya KCMC Moshi, au chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru, tafuta walezi watatu: mmoja wa fani yako, mmoja anayejua kuandika maombi ya fedha, na mmoja wa idara nyingine kabisa. Huyu wa tatu ndiye utakayemweleza shida ulizonazo na bosi wako. Wengi hung'ang'ania profesa mmoja mkubwa, halafu mwaka unaisha yuko safarini.

Barua pepe ya kwanza isizidi mistari minane. Shikamoo moja inatosha, usijaze aya za sifa. Usiombe "uwe mlezi wangu". Omba dakika 30 akusaidie jambo moja, mfano malengo ya utafiti wako, na uambatishe ukurasa mmoja wenye swali la utafiti na ulipofikia. Akikusaidia vizuri, omba mkutane tena.

Miezi mitatu ya mwanzo kutaneni kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Siku moja kabla, mtumie nusu ukurasa: umefanya nini, umekwama wapi, unataka uamuzi gani. Jioni ya siku ya kikao mwandikie mliyokubaliana. Bila maandishi, kikao cha tatu mtaanza upya kama hamjawahi kuonana.

Panapoumiza zaidi ni majina ya waandishi wa makala. Majarida mengi ya tiba hufuata masharti manne ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba), na mwandishi sharti ayatimize yote: awe amechangia kwa uzito wazo, muundo, ukusanyaji au uchambuzi wa data, ameandika au kuhakiki rasimu kwa kina, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Kutoa chumba cha maabara au kuwatoa wagonjwa damu peke yake hakutoshi. Waliofanya hayo tu wanatajwa kwenye shukrani. Kumwambia mzee hivyo ana kwa ana ni kazi ngumu, kwa hiyo chora jedwali la nani anafanya nini kabla hamjakusanya data, walione wote, na mlipitie tena rasimu ikianza.

Vibali navyo huharibu ratiba. Ombi huanzia kamati ya maadili ya chuo, kisha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Sampuli zikipelekwa nje ya nchi, unahitaji pia mkataba wa kuzihamisha. Anayepanga kukusanya data mwezi wa pili hujikuta bado anajibu maswali ya kamati. Mwombe mlezi nakala ya andiko lake lililowahi kupitishwa uone lilivyopangwa. Fomu ya Kiswahili ya ridhaa ya washiriki msomee mtu asiye wa hospitali, mathalani muuza ndizi wa Kiboriloni. Asipoweza kukueleza kwa maneno yake mwenyewe kwamba mshiriki anaruhusiwa kujitoa kwenye utafiti, iandike upya.

Mlezi akiahirisha vikao vitatu mfululizo, usigombane naye. Mpunguzie kazi: mwombe barua za mapendekezo tu, ukimpa wiki tatu, wasifu wako, maelezo ya ufadhili unaoomba, na mambo manne ambayo ungependa ayataje.