Kabla Hujaomba Uzamili wa Uandishi wa Habari na Kifaransa: Kwa Wana wa Lamu Walioko Ng'ambo

Wewe uliyekulia Lamu na sasa uko ughaibuni na digrii ya kwanza mkononi, kuna kozi moja ningependa uifikirie kabla hujakimbilia biashara kama wenzako. Chuo Kikuu cha New York kina shahada ya uzamili inayounganisha uandishi wa habari na masomo ya Ufaransa. Inaendeshwa na Taasisi ya Uandishi wa Habari ya Arthur L. Carter pamoja na Taasisi ya Masomo ya Ufaransa. Hii ya pili haifundishi sarufi. Humo husomwa historia, siasa na jamii za Ufaransa na za nchi ilizozitawala, na lugha unatarajiwa uje nayo.

Nyumbani watakuuliza: Kifaransa cha nini, mwanangu? Jibu liko karibu. Habib Swaleh aliyeasisi msikiti wa Riyadha hapo Lamu alitoka Ngazija, kisiwa kimoja cha Komoro. Komoro hadi leo serikali yake inatumia Kifaransa, na kisiwa cha Maore (Mayotte) kilibaki chini ya Ufaransa visiwa vingine vitatu vilipojitangazia uhuru 1975. Tangu Ufaransa ilipoweka viza 1995, watu wa kisiwa cha Nzwani (Anjouan) wanaokwenda kwa jamaa zao Maore huvuka usiku kwa vimashua, kama kilomita 70 za bahari, na wengi wamezama. Kiswahili chako cha Lamu kitakuwezesha kushika Kikomoro upesi, na Kifaransa kitakufungulia hukumu za mahakama na amri za serikali. Mwandishi anayeweza kumhoji mama aliyefiwa asubuhi na afisa wa uhamiaji jioni, bila mkalimani, ni adimu sana. Goma na Bukavu, miji ya mashariki mwa Kongo, pia zinamhitaji mtu huyo huyo.

Anza na lugha. Mitihani ya Kifaransa iitwayo DELF huishia kiwango cha B2, yaani cha mtu anayejimudu katika lugha, kisha inafuata DALF ya viwango vya juu zaidi, C1 na C2. Vyeti hivyo havina mwisho wa muda, kwa hiyo fanya mapema. Kwa maoni yangu, usiombe nafasi ukiwa chini ya B2. Ukiwa likizoni pwani, Alliance Française ipo Mombasa.

Sampuli za maandishi ndizo zitakazokutambulisha, basi usipeleke insha ya chuoni. Andika habari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya. Kaa na mvuvi mmoja anapotengeneza nyavu, muulize zamani akitega wapi, sasa anachoma petroli kiasi gani kufika kwenye samaki, na mkononi amepata nini. Maneno mia nane ya namna hiyo yana uzito kuliko kurasa kumi za nadharia.

Pesa ni mtihani mkubwa, maana New York ni ghali. Kwa viza ya mwanafunzi ya Marekani, F-1, chuo hutoa fomu ya I-20 ya kuombea viza hiyo baada ya kuona ushahidi wa fedha, na muhula ukiendelea kazi ya chuoni haizidi saa 20 kwa wiki. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, hahitaji viza hiyo, na anaweza kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Uliza ufadhili kwa maandishi kabla hujakubali nafasi. Harambee ya ukoo ilipe nauli na kodi ya mwanzo. Isibebeshwe karo ya mwaka mzima, maana wazee watauza shamba wakikuonea haya.

Ukija kufanya kazi ya chuo huku Lamu, tofautisha mambo mawili: utafiti wa kitaaluma unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya Kenya ya sayansi na teknolojia, na uandishi wa habari unahitaji kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari. Pitia pia kwa wazee wa mtaa ueleze nia yako kabla hujatoa kamera. Na ikiwa unataka kuajiriwa Kenya, hifadhi nakala za matokeo yako yote, kwani Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itazihitaji ili kuitambua shahada yako.