Uko Uingereza? Jiandikishe kupiga kura kabla ya kuomba mkopo

Mshahara unaingia kila mwezi, hudaiwi na mtu, na bado umenyimwa hata simu ya kulipia kidogo kidogo. Kabla ya kulaumu rangi ya pasipoti yako, angalia kama jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura. Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza taarifa za mikopo, hupewa daftari hilo kamili, na wakopeshaji hulitumia kuhakikisha kwamba ni wewe kweli na unaishi unaposema unaishi.

Wengi wetu hatujiandikishi kwa kudhani ni mambo ya raia wa Uingereza tu. Sivyo. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo raia wake anayeishi Uingereza kwa viza halali, awe mwanafunzi au muuguzi, anaandikishwa na anachagua hadi mbunge. Hiyo ni haki kubwa, na inaniuma kuona tunaiacha ilale. Mrundi na Mkongomani wanaruhusiwa Scotland na Wales, kwa chaguzi za huko tu. Wakiwa England wasijaze fomu, maana kudanganya humo ni kosa la jinai. Wazitumie zile kampuni tatu za taarifa za mikopo uthibitisho wa makazi na kuomba uwekwe kwenye kumbukumbu zao.

Kujiandikisha ni bure, kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Uwe na namba ya National Insurance, yaani ya bima ya taifa. Usipokuwa nayo, halmashauri itakuomba uthibitisho mwingine.

Shida kubwa ya watu wetu ni majina. Benki umeandikwa Fatuma Juma Ali, kwenye daftari Fatma Ali: kompyuta inaweza kuona watu wawili. Anwani nayo ni hivyo hivyo, benki wana "Flat 2, 14", halmashauri wana "14B". Chagua namna moja, na kwa jina iwe ile iliyo kwenye pasipoti, kisha rekebisha kwingine kote.

Utaulizwa pia kama unataka kuwemo kwenye daftari la wazi, lile linalouzwa kwa yeyote. Kataa bila wasiwasi, haligusi mkopo wako.

Ukihama nyumba, jiandikishe upya. Halafu usikimbilie kuomba mkopo wiki hiyo hiyo, kwa sababu jina huchukua muda kufika kwa kampuni hizo tatu, na kila ombi rasmi la mkopo huacha alama kwenye ripoti yako. Omba kwanza ripoti yako kwa kampuni zote tatu, ni bure kisheria, uone kama umeshasomeka.