Kupandisha Daraja la Siti kwa Maili Wakati Ada Zinapanda: Hatua kwa Hatua kwa Msafiri wa Mombasa

Wasafiri wengi ninaowakatia tiketi hapa Mombasa hufika wakiamini kwamba maili walizokusanya kwa miaka, yaani pointi ambazo shirika la ndege humpa mteja wake wa mara kwa mara, zinatosha kuwatoa daraja la kawaida na kuwaweka daraja la biashara bila kutoa senti nyingine. Imani hiyo ilikuwa na msingi. Mpango wa AAdvantage wa American Airlines ulipoanza mwaka 1981, na mashirika mengine yalipoufuata, maili zilikuwa shukrani kwa mteja mwaminifu, na siti ya mbele iliyokuwa tupu haikuwa na mnunuzi mwingine. Sasa wanunuzi wapo. Mashirika huiuza siti hiyo kwa punguzo siku chache kabla ya safari, huinadi kwa barua pepe ili abiria wataje bei zao, na huitoa tena kwa pesa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Anayelipa kwa maili anashindana na anayelipa kwa pesa, na ndiyo sababu idadi ya maili zinazotakiwa inapanda na ada ya pesa inaongezwa juu yake. Zaidi ya hayo, shirika la Delta liliondoa jedwali lake lililotaja kila tiketi inagharimu maili ngapi mwaka 2015, Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, ikafanya hivyo mwaka 2018, na shirika la United mwaka 2019, na desturi hiyo ya bei kubadilika siku hadi siku imeingia pia katika kupandisha daraja.

Katika hali hiyo, msimamo wangu ni kwamba uamuzi wa kupandisha daraja hufanywa siku ya kununua tiketi. Anayengoja hadi wiki ya safari ndipo aulize huwa amekwisha kujifungia mlango mwenyewe, na hatua ya nne inaeleza kwa nini.

Hatua ya kwanza: jua maili zako ni za nani

Anayepanda flydubai, ambayo imekuwa ikitua Mombasa tangu Januari 2024, hukusanya maili za Skywards, mpango ule ule wa Emirates. Anayepitia Addis Ababa kwa Ethiopian hukusanya ShebaMiles. Kenya Airways ilikuwa ikitumia Flying Blue pamoja na Air France na KLM, na sasa ina mpango wake unaoitwa Asante. Kwa hiyo mtu mwenye maili za zamani asidhani ziko mahali pamoja na mpya. Kukusanya maili kwa kupanda ndege ya shirika mshirika ni rahisi, na hata tiketi ya bure ya mshirika hupatikana, lakini kupandisha daraja kwenye ndege ya mshirika ni jambo gumu zaidi kuliko hayo yote. Panga safari yako kwa shirika lenye mpango ulio na maili zako.

Hatua ya pili: linganisha jina la akaunti na la pasipoti

Majina yetu ya pwani huandikwa kwa namna nyingi: Mohamed na Muhammad, Swaleh na Saleh, Bakari na Abubakar, tena wapo walioandika jina la babu katika akaunti na kuliacha katika tiketi. Mfumo hausomi maana, unasoma herufi. Rekebisha jina la akaunti mapema, kwa kuwa masahihisho hayo huhitaji nakala ya pasipoti na huchukua muda.

Ikiwa maili ni za mtu mwingine, kwa mfano kijana aliye ng'ambo anayetaka kumpandisha mama yake daraja, hakikisha mpango unaruhusu na kwamba mama ameandikishwa miongoni mwa wanufaika ikiwa sharti hilo lipo. Maili zinazouzwa na watu binafsi usiziguse kabisa. Mipango hii hukataza biashara hiyo, na shirika linaweza kuifunga akaunti na kufuta tiketi hata kama abiria amekwisha kufika uwanjani.

Hatua ya tatu: chagua kipande cha safari

Bei ya kupandisha daraja mara nyingi huhesabiwa kwa kila kipande. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni chini ya saa moja angani, na sioni sababu ya kutumia hata maili moja hapo. Maili ziende kwenye kipande kirefu, hasa cha usiku, ambapo siti hulazwa ikawa kitanda. Kumbuka pia kwamba nafasi ni chache: ndege za Boeing 787-8 za Kenya Airways zina siti 30 za daraja la biashara na 204 za daraja la kawaida.

Hatua ya nne: soma herufi ya nauli kabla ya kulipa

Hapa ndipo saa nyingi za watu hupotelea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Ndani ya daraja la kawaida hamna nauli moja. Abiria wawili walioketi bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa nauli ambazo moja ni maradufu ya nyingine, na kila nauli ina herufi yake. Y kwa kawaida ndiyo nauli kamili, na B huwa karibu nayo. Herufi nyingine hushuka kwa bei na hubana kwa masharti, na mpangilio wake hutofautiana kati ya shirika na shirika. Herufi hiyo haihusiani na namba ya siti. Ifungue tiketi ya kielektroniki uliyotumiwa kwa barua pepe, uangalie mstari wa kila ndege: baada ya namba ya ndege na tarehe kuna herufi moja iliyosimama peke yake, na karibu yake kuna mfuatano wa herufi na tarakimu ambao ndio msimbo wa nauli. Mara nyingi mfuatano huo huanza kwa herufi ile ile. Huo msimbo ndio unaoamua kama maili zako zitapokewa.

Nauli za chini kabisa mara nyingi hazipandishwi daraja kwa maili hata kidogo. Za kati hupandishwa, lakini kwa maili nyingi zaidi au kwa ada ya pesa. Kwa miaka mingi, kwa mfano, American Airlines ilidai maili 25,000 pamoja na dola 350 kwa kila upande wa safari kati ya Marekani na Ulaya kutoka kwa aliyekuwa na tiketi ya nauli iliyopunguzwa. Na ukitaka kutumia maili za shirika moja la Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege, kwenye ndege ya shirika jingine la umoja huo, utatakiwa kuwa na tiketi ya nauli za juu za daraja la kawaida, hasa Y na B, ambazo bei yake wakati mwingine hukaribia ile ya daraja la biashara lililopunguzwa. Tiketi ya kwenda na kurudi inaweza kuwa na herufi mbili tofauti. Soma zote mbili.

Kisha tazama namba ya tiketi yenyewe, yenye tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja shirika lililotoa tiketi: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 235 ni Turkish, 157 ni Qatar, 176 ni Emirates. Ukiwa na ndege inayorushwa na shirika moja lakini tiketi inaanza kwa namba ya shirika jingine, tegemea kukataliwa, au kurushwa huku na huku, kila upande ukikuelekeza kwa mwenzake. Soma vilevile maneno yanayoeleza ndege inaendeshwa na nani, kwa sababu namba ya ndege inaweza kuwa ya shirika moja na rubani na siti zikawa za jingine.

Shangazi yangu wa Kibokoni alikatiwa tiketi ya London na mwanawe kwenye tovuti ya kulinganisha bei, nauli ya chini kuliko zote, na wote wawili wakiwa na uhakika kwamba maili zingemaliza kazi iliyobaki. Siti za mbele zilikuwa zikionekana wazi kwenye ramani ya ndege. Simu kwa shirika ilichukua asubuhi nzima, tukipokewa na kuwekwa tusubiri, na kila mhudumu akitoa jibu lisilolingana na la mwenzake, hadi mmoja alipoitaja ile herufi.

"Mwanangu, maili ni zangu na siti naiona iko wazi, mbona wananikatalia?"

"Shangazi, siti ipo na maili zipo. Tiketi hii ndiyo haikuuzwa na ruhusa hiyo."

Kuibadilisha tiketi baada ya kununua kunawezekana pale masharti yanaporuhusu, lakini hulipwa tofauti ya nauli kwa bei ya siku hiyo, si bei ya siku uliyonunua, na ada ya mabadiliko juu yake. Kwa kawaida gharama hiyo humeza faida yote.

Kwa hiyo nanunua moja kwa moja kwenye tovuti ya shirika au ofisi yake ya mjini, na tovuti za kulinganisha bei nazitumia kutazama tu. Natumia kompyuta, kwa kuwa programu za simu mara nyingi huonyesha jina la kibiashara la nauli na kuificha herufi. Kabla ya kulipa, nauliza swali moja kwa maandishi: "Nauli yenye msimbo huu inapandishwa daraja kwa maili kwenye ndege hii, na kwa maili ngapi na ada kiasi gani?" Jibu nalihifadhi pamoja na tarehe.

Hatua ya tano: piga hesabu yote, si ya maili peke yake

Chukua tarakimu hizi kama mfano. Tiketi ya chini ya kwenda na kurudi London ni Sh90,000. Ile inayoruhusu kupandishwa daraja ni Sh125,000. Ile ambayo kurudi kwake ni daraja la biashara ni Sh210,000. Kupandisha kipande cha kurudi kwa maili ni maili 40,000 na dola 200, tukichukua dola kwa Sh130.

Tofauti ya nauli ni Sh35,000 na ada ni Sh26,000. Wengi huishia hapo na kusahau kodi. Uingereza hutoza anayeondoka nchini humo kodi inayotegemea daraja: kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 90 kwa daraja la chini na pauni 216 kwa madaraja ya juu, kwa umbali wa kutoka huko hadi Kenya. Anayepandishwa daraja kwa hiari yake hulipa tofauti, pauni 126, ambazo kwa Sh170 kila pauni ni Sh21,420. Ufaransa nayo, tangu Machi 2025, hutoza yuro 40 kwa daraja la kawaida na 120 kwa daraja la biashara katika safari ndefu. Kwa mfano wetu wa London, jumla ya pesa za mfukoni inakuwa Sh82,420.

Kununua siti hiyo kwa pesa kungekuongezea Sh120,000 juu ya tiketi ya chini. Maili 40,000 basi zimekuokolea Sh37,580, yaani takriban senti 94 kwa kila maili. Linganisha na matumizi mengine: kama maili hizo hizo zingekupa tiketi ya bure inayouzwa Sh60,000, nawe ukalipia kodi ya Sh15,000, kila maili ingekuwa imekulipia zaidi ya shilingi moja. Katika mfano huu tiketi ya bure inashinda, na kwa jinsi ada zinavyopanda, naona ikishinda mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Ukiamua kupandisha daraja upande mmoja tu, fikiria upande wa kwenda. Kodi ya Uingereza na ya Ufaransa hudaiwa kwa anayeondokea huko, kwa hiyo anayetoka Kenya haiongezewi kwenye kipande hicho, na pesa zinazohitajika mkononi hupungua. Hesabu hii yote haimfungi mtu mwenye sababu ya afya. Shangazi ana magoti yanayovimba akikaa sana, na kwake kunyoosha miguu usiku kucha ni haja ambayo haipimwi kwa senti za maili. Kilichobaki ni kuitimiza kwa njia isiyomuumiza.

Hatua ya sita: omba na ulipe

Omba mara tu baada ya tiketi kutoka. Siti zinazotolewa kwa maili ni fungu dogo lililotengwa, kwa hiyo ramani ya ndege kuonyesha siti tupu si ushahidi kwamba zipo kwa ajili yako. Zikikosekana, ingia kwenye orodha ya kusubiri na uangalie tena kila baada ya siku kadhaa; Desemba na Agosti usitegemee orodha hiyo. Ada ikitajwa kwa dola na tovuti ikajitolea kuigeuza iwe shilingi, linganisha kwanza na kiwango cha benki yako, maana kiwango cha tovuti huwa ghali zaidi.

Hatua ya saba: tunza risiti hadi maili zitulie

Ada ya kupandisha daraja hutolewa risiti yake ya kielektroniki, nayo ina namba inayoanza kwa tarakimu zile tatu za shirika, tofauti na namba ya tiketi. Ndege ikibadilishwa na siti ya mbele ikakosekana, unadai vitu viwili kwa maombi mawili: maili zirudi kwenye akaunti, na ada pamoja na tofauti ya kodi zirudi kwenye kadi. Maili hurudishwa haraka, lakini pesa husahaulika ikiwa abiria hakutaja namba ya risiti hiyo, kwa hiyo iandike kwenye barua ya madai na uambatishe pasi ya kupandia ndege inayoonyesha siti uliyokalia.