Kulala kwenye baridi bila jiko chumbani

Juzi nilikwenda Njombe kumwona shemeji aliyejifungua. Pembeni ya kitanda palikuwa na jiko la mkaa, limeiva vizuri, halina hata uzi wa moshi. Nililitoa nje kabla sijamsalimia. Halafu tukafanya hivi.

Hatua ya 1: Jiko litoke

Hapa ndipo ubishi huanzia. "Mbona halitoi moshi?" Moshi si kipimo. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa. Ukiufunika kwa majivu ili moto ukae hadi asubuhi, umeharibu zaidi, kwa sababu moto uliokosa hewa huzidisha gesi hiyo. Dirisha wazi kidogo? Silitegemei, saa nane usiku mtu ataamka alifunge. Beseni la maji chumbani halisaidii, gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Jiko banifu nalo lisikudanganye: linaokoa mkaa, halikuokoi wewe. Na jiko lililokwisha kupika ugali lisirudi ndani eti linamalizikia.

Hatua ya 2: Joto

Mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Chupa za maji ya moto zipashe kitanda, uzitoe kabla ya kumlaza.

Hatua ya 3: Alamu

Nunua ya kaboni monoksaidi. Ya moshi ni kifaa kingine, hata wauzaji huvichanganya. Soma tarehe ya mwisho nyuma yake, maana kihisi huzeeka. Kitufe cha kujaribu kinakuhakikishia betri na mlio tu. Mimi sinunui isiyoandikwa EN 50291, kiwango cha Ulaya cha alamu hizi.

Hatua ya 4: Safarini

Usilale garini injini ikiwaka, wala kwenye hema au kabini ya lori pamoja na jiko. Gesti yenye hita ya gesi bafuni bila bomba la kutolea moshi nje, omba chumba kingine. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirishani.

Hatua ya 5: Ukishashuku

Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, nyumba nzima kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu: tokeni wote. Aliyezimia avutwe nje, kisha pigeni simu 114, Zimamoto na Uokoaji.

Hospitalini, neno la kwanza liwe "tulilala na jiko". Mimi na kaka tulipopatwa na sumu hii hatukulisema, tukapoteza saa tatu. Kipimo cha kidoleni kilisoma oksijeni 98, tukapelekwa kupima malaria. Kumbe kifaa kile hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii, kwa hiyo namba nzuri isikurudishe nyumbani. Omba oksijeni ya barakoa. Kwa hewa ya kawaida sumu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 5. Kwa barakoa ni kama saa moja na nusu. Mjamzito apelekwe hata akisema kichwa kimeacha kuuma, kwa sababu aliye tumboni huchelewa kuitoa.