Kuchonga Shingo ya Gita la Umeme kwa Mninga na Mpingo

Shingo ya gita la umeme huvutwa na nyuzi sita kwa nguvu inayozidi kilo 40, usiku na mchana. Hapa Unguja unaongezeka unyevu wa bahari: leo gita linapigwa uwanjani, kesho limo ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi. Mbao isiyotulia itapinda tu, na wala chuma cha kurekebishia, kinacholazwa ndani ya shingo kuizuia isipinde, hakitaiokoa. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kungoja.

1. Mbao. Chukua mninga. Husinyaa kidogo sana unapokauka, na hutulia. Mkangazi pia unafaa. Msaji tuuachie milango, kwa sababu mafuta yake hukataa gundi. Mishipa ya mbao iwe imenyooka ncha hadi ncha, bila kifundo. Pasua kipande cha mm 800 × 75 × 23, kilaze ndani juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, ukiache wiki tatu au zaidi. Kisha kipige randa kifike mm 20, ungoje siku chache tena. Kikipinda, kitafutie kazi nyingine. Wakati wa masika usianze. Kipupwe ndio msimu wake. Na ufunge barakoa, maana vumbi la mninga na la mpingo hudhuru kifua.

2. Kichwa. Kata mshazari wa digrii 13. Uso wa mkato utakuwa na urefu wa karibu mm 89. Geuza kipande kilichokatika, ukigundishe nyuma ili kichwa kilale. Kabla ya kubana, piga vijiti viwili vyembamba vya kuzuia, la sivyo gundi itavitelezesha vipande.

3. Mfereji wa kulazia chuma. Kwa chuma cha kurekebishia cha kawaida, upana ni mm 6 na kina mm 9, lakini pima chako kwanza. Kikilegea kitalia ndani gita linapopigwa.

4. Ubao wa freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Mpingo, unene mm 6. Hapa ndipo gita linapopata au kukosa sauti sahihi, basi usione tabu kupima mara mbili. Urefu wa uzi, kutoka kidaraja cha juu (kile cha upande wa kichwa) hadi cha chini, ukiwa mm 648, gawa kwa 17.817: freti ya kwanza inakaa mm 36.4 kutoka kidaraja cha juu. Toa hiyo kwenye 648, gawa kinachobaki kwa 17.817 tena, na kuendelea. Ya pili itaangukia 70.7, ya tano 162.5, ya saba 215.5, ya kumi na mbili 324 kamili. Alama zote zipime kutoka kidaraja cha juu. Ukipima kutoka freti hadi freti, kosa dogo litajilimbikiza hadi ya 22.

Mkato wa freti uwe mm 0.6. Mkato ukibana mno, freti 22 zitafanya kazi kama kabari na kuirudisha shingo nyuma.

5. Kugundisha. Futa mpingo kwa spiriti muda huo huo unapotaka kugundisha. Tumia gundi ya epoksi. Ile nyeupe ina maji, huuvimbisha ubao. Funika mfereji kwa utepe ili gundi isiingie. Bana kwa siku nzima.

6. Kuchonga mgongo. Chonga kwanza sehemu mbili tu: mm 21 chini ya freti ya kwanza, mm 23 chini ya ya kumi na mbili, unene wa ubao wa freti ukiwemo. Halafu ziunganishe kwa randa na tupa. Chini ya mfereji zibaki angalau mm 4. Malizia kwa msasa wa 80, 120, kisha 240.

7. Freti na vanishi. Gonga freti, ncha zake zikatwe na kulainishwa kwa tupa. Paka vanishi mgongo, kichwa na hasa ncha zote za mbao, kwani unyevu huingilia huko zaidi. Ncha za freti zikianza kukwaruza kidole baada ya gita kukaa kwenye kiyoyozi, mbao imesinyaa. Zilainishe upya kwa tupa, freti usizing'oe.

8. Kurekebisha. Funga nyuzi, acha siku moja. Kandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho. Juu ya ya saba uwazi uwe kama mm 0.2. Zungusha chuma robo mzunguko kwa mara moja, upime tena kesho yake.