Matembezi ya kuangalia viumbe mjini: tembeeni kidogo, simameni sana

Kama mna kikundi cha watu wanaopenda ndege, wadudu, miti na vitu kama hivo na mnakaa mjini, msisubiri mpaka ipatikane safari ya mbugani, anzeni hapo mlipo. Mimi natembea na kikundi miaka kadhaa sasa na nilichojifunza kikubwa ni kwamba umbali hauna maana kabisa. Siku tuliyofurahi kuliko zote tulitembea kama mita 400 tu, masaa mawili na nusu, na hata ule ukuta tulioanza nao hatukuumaliza.

Ilikuwa mvua imetoka kunyesha, chini ya ukuta kuna kidimbwi cha maji, mtu mmoja akasema jamani simameni. Kumbe kuna nyigu, wale wenye kiuno chembamba kama uzi, amesimama kwenye tope karibu kichwa chini, anaviringisha kijidonge cha udongo kwa mdomo, kikishakua kama punje ya dengu anaruka nacho mpaka chini ya paa. Tukamfuata kwa macho. Kule juu alikuwa anajenga kama kibomba cha udongo, kila kijidonge anakipaka kwa upinde, na wakati anapaka anavuma kwa sauti nyembamba unaisikia kabisa, alafu anarudi tena dimbwini. Chini palikuwa na kipande cha kinyumba cha zamani cha nyigu kimedondoka, tukakifungua, ndani tukahesabu buibui 11 wamepangwa kama samaki kwenye kopo, miguu wameikunja, laini, maana hajawaua bali amewachoma wakapooza ili yai likianguliwa buu akute chakula hakijaoza. Watu walichuchumaa pale nusu saa na hakuna aliyeuliza tunaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: chagueni njia fupi, isizidi kilomita moja na nusu, alafu irudieni hiyo hiyo kila mwezi. Watu wengi wanataka kila mara sehemu mpya, naelewa, lakini sehemu mpya kila mara maana yake hamtajua kitu kinachobadilika. Ukirudi palepale ndo unaona mti huu mwezi uliopita ulikuwa na viwavi sasa una vipepeo, ndege fulani hawapo tena, majani yameanza kuja mapema upande ule wenye lami na majengo kwa sababu kuna joto zaidi. Njia nzuri iwe na vitu mchanganyiko, maji kidogo hata mtaro, mti mkubwa mzee, ukuta wa zamani, na kipande cha nyasi ambacho hakifyekwi kila wiki. Makaburi, kingo za mito na viwanja vilivyoachwa huwa vina viumbe wengi kuliko bustani iliyopangwa vizuri sana. Ombeni ruhusa mapema kwa wenye eneo na msikae na darubini mbele ya geti la mtu, sisi tuliwahi kusimamishwa na mlinzi tukapoteza saa nzima kujieleza, na yeye alikuwa na haki yake, hatukuwa tumesema tunakuja.

Idadi ya watu, mimi nasema 8 mpaka 12. Wakizidi hapo walioko nyuma hawaoni kitu na wanaanza kupiga stori zao. Mmoja aongoze, mmoja akae mwisho kabisa asiache mtu nyuma, mmoja aandike. Huyu wa kuandika mbadilishane kila safari maana anayeandika ndo anayejifunza zaidi, lazima aulize jina, lazima aangalie tena. Na anayeongoza si lazima awe mtaalamu, awe mtu asiye na haraka, basi.

Muda: asubuhi mapema kwa ajili ya ndege, jua likipanda kidogo kwa ajili ya vipepeo na mijusi, jioni kwa popo. Kama mnaweza chagueni siku ambayo magari ni machache. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kazi yao ya kule Leiden, Uholanzi, wakaonyesha kwamba kuna ndege ambao kwenye sehemu zenye kelele wanaimba kwa sauti nyembamba zaidi ili wasifunikwe na mlio mzito wa magari. Tangu nilijue hilo kila nikiwa karibu na barabara nasikiliza tofauti. Mkifika kituo cha kwanza fungeni midomo dakika 5 nzima, kila mtu ahesabu kwa vidole sauti tofauti anazosikia, mwisho mlinganishe. Mtashangaa.

Vifaa sasa. Msimwambie mgeni anunue vitu, aje na macho na daftari. Darubini 3 au 4 kwa kikundi zinatosha, na kama mtu ananunua ya kwanza achukue 8x42, hiyo 8 ni mara inavyokuza na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. 10x inavutia lakini mkono ukitikisika kidogo tu ndege naye anaruka ruka. Kuitumia kuna siri mbili ambazo watu hawaambiwi. Kwanza irekebishe kwa macho yako: ziba upande wa kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi, alafu ziba kushoto na uzungushe ile pete ya jicho la kulia bila kugusa tena gurudumu la katikati. Pili, usimtafute ndege ndani ya darubini, mkazie macho ndege mwenyewe, usiyatoe, kisha inua darubini mpaka kwenye macho yako, atakuwa humo humo. Na ukiigeuza kinyumenyume ukasogeza jani karibu kabisa na lile tundu la kuangalilia inakuwa kioo cha kukuzia, wadudu wadogo unawaona vizuri tu. Mwenye lenzi ndogo ya mkononi ya 10x aibane kwenye jicho alafu asogeze kitu, asifanye kinyume chake.

Mkiwa njiani msikimbilie vikubwa. Angalieni majani yaliyotafunwa, kila mtafunaji ana mtindo wake, ukikuta pembeni mwa jani pamekatwa kiduara safi kama kwa mkasi basi ni nyuki mkata majani, kipande amekwenda kukitumia kujengea kiota. Angalieni gome la miti, yale madoa ya kijivu na ya kijani yaliyoganda ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na aina nyingi haziwezi hewa chafu, kwa hiyo mti wa kwenye makutano ya barabara na mti wa ndani ya bustani vinaweza kuwa hadithi mbili tofauti. Buibui wale wadogo wanaoruka msiwapite, sogeza kidole taratibu uone anavyogeuka kukutazama kwa yale macho mawili makubwa ya mbele, ana macho 8 lakini hayo mawili ndo anakukazia nayo. Na njiwa! Watu wanamdharau njiwa wa mjini, lakini asili yake ni njiwa wa kwenye majabali, yeye ghorofa anaona ni jabali tu. Ndo maana kozi naye amemfuata, miji kama New York na London kozi wanataga kwenye majengo marefu, ndege ambaye akijirusha kumfuata windo anapita kilomita 300 kwa saa. Kwa hiyo njiwa wote wakiruka ghafla kwa pamoja, inua macho juu haraka.

Mkitaka kugeuza gogo au jiwe, vuta ule upande wa mbali kuja kwako, usinyanyue upande wako, ili kilichomo kama ni nyoka kiwe na njia ya kutokea mbele na gogo liwe katikati yenu. Vidole visiingie chini. Ukimaliza lirudishe polepole vile vile lilivyokuwa, lile ni paa la nyumba ya watu. Humo mtakutana na jongoo na tandu, na watoto wanapenda sana kujua tofauti: jongoo karibu kila pingili ya mwili ina jozi mbili za miguu na akiguswa anajikunja, tandu ni jozi moja kila pingili, ana mbio na anauma, huyo muacheni. Ukimshika jongoo usijiguse macho, ana majimaji yanayowasha. Viwavi wenye manyoya msiwashike kabisa.

Kuna mambo mawili kwenye kikundi chetu hayana mjadala. La kwanza, hatupigi rekodi ya sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze, ndege anadhani adui ameingia eneo lake, anaacha kulisha anakuja kupigana na spika. La pili, kiota hakitangazwi. Piga picha ukiwa mbali, usisogeze matawi, na ukiiweka mtandaoni usitaje mahali kiota kilipo.

Kuhusu kurekodi, kuna programu mbili za simu, pia zina tovuti, za kuwekea mlichokiona: tumieni iNaturalist kwa kila kiumbe na eBird kwa ndege. eBird ipo tangu 2002, iNaturalist tangu 2008, zote bure. Kwenye iNaturalist unaweka picha, tarehe na mahali, watu wengine wanasaidia jina, na wawili au zaidi wakikubaliana spishi basi rekodi inapanda daraja na watafiti wanaweza kuitumia. Spishi zilizo hatarini yenyewe inaficha mahali kamili, na wewe unaweza kuficha rekodi yako yoyote. Picha moja haitoshi, hapa wengi wanakosea: mmea piga wote kwa ujumla, kisha ua, jani juu na chini, gome. Uyoga piga na chini ya kofia. Mdudu juu na ubavuni, weka kidole pembeni ionekane ukubwa. Mkishazoea jiungeni na City Nature Challenge, mashindano ya miji ya kurekodi viumbe, ilianza 2016 kama ushindani wa Los Angeles na San Francisco tu, sasa kila mwaka mwishoni mwa Aprili miji mamia duniani inashiriki, na ni sababu nzuri ya kuwatoa nje hata wale wavivu wa kikundi.

Mara moja moja fanyeni ya usiku, naipenda hii kuliko zote. Anzeni magharibi, simameni karibu na taa ya barabarani yenye wadudu, popo watapita humo humo wakila, wanatumia milio ambayo mingi masikio yetu hayaisikii. Kama mna tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, mulikeni kwenye nyufa za kuta, nge akiwepo anang'aa kijani kama amewashwa kwa umeme. Alafu shuka jeupe, lifungeni kati ya miti miwili, taa mbele yake, usiku usio na upepo na usio na mbalamwezi, mkae. Nondo wa kwanza wanakuja ndani ya dakika chache, wa rangi ya vumbi, wa rangi ya jani bichi, wengine wadogo kuliko ukucha, na mtu akiinama na lenzi anaanza kusema njooni muone huyu, njooni muone na huyu. Msiache taa usiku kucha, wanabaki wameganda kwenye shuka na alfajiri ndege wanakuja kuwaokota mmoja mmoja. Saa mbili zinatosha, zimeni, subirini dakika 10 giza liwe kamili, alafu shusheni shuka taratibu na kulikung'uta juu ya majani, si juu ya njia watu wanapokanyaga.