Namna ya kuwatenga mbu na wadudu wa ziwa walionaswa kando ya Ziwa Victoria

Mwongozo huu umetokana na jioni mbili nilizokaa na mwanafunzi mmoja hapa Mwanza, tukipanga wadudu walionaswa kwenye mtego wa taa karibu na maji. Daftari lake lilionyesha mbu wengi mno, ilhali wengi wa waliohesabiwa hawakuwa na uwezo wa kumuuma mtu yeyote. Kosa la namna hiyo huweza kukitia kijiji hofu ya malaria isiyo na msingi, ndiyo maana naliandikia kwa kirefu.

Hatua ya 1: Vifaa. Tafuta sahani nyeupe, brashi ndogo ya rangi, kibano na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Usitumie utepe wa gundi kuwashika wadudu, kwa kuwa hung'oa magamba ya mabawa. Waue kwa kuwaweka kwenye friza, kisha wahifadhi wakavu. Spiriti iachie wale uliokwisha kuwatambua.

Hatua ya 2: Waondoe wenye maumbo ya wazi. Mdudu mwenye mikia miwili au mitatu kama nyuzi, ambaye akitua huyasimamisha mabawa yake wima, hayumo katika kundi la nzi na mbu. Mwenye mabawa manne yenye manyoya, yaliyolazwa kama paa la nyumba, naye mweke kando.

Hatua ya 3: Usubi. Ni mfupi, ana nundu mgongoni na vipapasio vifupi vinene. Viluwiluwi wake huishi kwenye maji yaendayo kasi, kwa hiyo mtarajie mitoni, kama kule Mahenge, mkoani Morogoro.

Hatua ya 4: Mdomo kwanza, bawa baadaye. Hapa ndipo saa zetu zilipopotelea. Wanaobaki sahanini ni mbu, Chironomidae na Chaoborus (haya mawili ya mwisho ni makundi ya wadudu wa ziwa wafananao na mbu lakini wasiouma), na wote watatu wana miguu mirefu na mwili mwembamba. Mwanafunzi wangu alikuwa ameanza na vipapasio, akaamini kwamba vyenye manyoya mengi kama unyoya wa ndege ni vya mbu. Kumbe madume wa makundi yote matatu huwa navyo, na hivyo alama hiyo humtambulisha dume tu. Tukahamia kwenye mabawa, tukaona ukingo wa nyuma una magamba membamba, tukaandika tena "mbu". Chaoborus naye anao ukingo huo, na mishipa ya bawa lake imepangwa karibu sawa na ya mbu.

Mlaze mdudu ubavu na utazame chini ya kichwa. Mbu, jike kwa dume, ana mrija mrefu ulionyooka mbele, unaokipita kichwa kwa mbali. Chironomidae na Chaoborus wana mdomo mfupi. Jihadhari na viungo viwili laini vinavyoning'inia kando ya mdomo wao, kwani ukiharakisha utavidhania mrija, na jihadhari pia na mbu ambaye mrija wake umekatika mtegoni. Huyo mchunguze mishipa ya bawa: ya mbu ina magamba, ya Chaoborus ina vinyweleo tu. Mishipa yao wote wawili huuzunguka ukingo hadi nchani, ilhali nchani mwa bawa la Chironomidae huwa patupu, na kwa kawaida bawa lenyewe ni fupi kuliko tumbo.

Ukibahatika kumwona akiwa hai ametua ukutani, Chironomidae huinua miguu ya mbele na mbu huinua ya nyuma. Mimi huiamini alama hii kuliko picha ya simu, ambayo haionyeshi magamba hata ikikuzwa vipi.

Hatua ya 5: Lebo. Pamoja na mahali na tarehe, andika umri wa mwezi. Chaoborus wa ziwa hili huibuka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, ilhali Povilla adusta, mmoja wa wale wenye mikia, huibuka muda mfupi baada ya mwezi mpevu. Bila taarifa hiyo, hesabu za usiku mbili tofauti hazilinganishiki.